Notisi Ilikuja na Saini Yake

"Saini hapa, dada. Na hapa. Halafu uandike na saa."

Tapati alikuwa na pini nne mdomoni na futi ya kupimia shingoni, kwa hiyo alisaini bila kusema neno. Tarishi wa posta akachana kipande chake cha karatasi, akakunja suruali hadi magotini, akarudi kwenye maji ya uchochoroni. Mvua za Shrabon, mwezi wa masika, zilikuwa zimepiga Baghbazar, Kolkata, siku tatu mfululizo, na mtaa mzima ulikuwa unatembea kama korongo.

Ndani, wifi Minoti, jirani wa nyumba ya pili, alikuwa bado amesimama, mikono kaipanua, nusu ya blauzi imebanwa mwilini.

"Barua gani hiyo yenye mihuri kama ya polisi?"

Tapati akapandisha mabega, pini bado mdomoni.

"Ifungue basi! Mikono itanikauka mwenzio."

Tapati akatema pini kiganjani, akafungua. Ilikuwa ya wakili. Baba yake, Bwana Nibaran Sutradhar, mpangaji wa vyumba viwili vya chini, alitakiwa kuondoka yeye na watu wake wote ndani ya siku sitini, kwa kuwa nyumba imeuzwa na itabomolewa.

"Soma kwa sauti, bwana."

"Wanatufukuza, wifi."

"Nani anawafukuza? Kina Ganguli? Ghorofani kwenyewe wana kufuli lenye kutu miaka kumi na tano!"

Tapati akashusha macho hadi mwisho wa barua. Chini ya karatasi kulikuwa na saini mbili. Moja ya Kaushik, mtoto wa mwisho wa marehemu mzee Ganguli, mwenye nyumba. Ya pili ilikuwa na D kubwa yenye mkia mrefu unaopita chini ya jina zima. Hakuwa na haja ya kuisoma. Alikaa kwenye kiti cha cherehani.

"Tapati? Umekuwa mweupe kama unga."

"Njoo kesho, wifi. Leo nitakukata vibaya."

Mzee Nibaran alikuwa chumba cha ndani, amejinyoosha, magoti kayafunga kwa kitambaa cha joto. Alikuwa fundi seremala maisha yake yote, na magoti ndiyo yaliyolipa. Aliingia nyumba hii na bibi harusi wake miaka hamsini na moja iliyopita. Tapati alizaliwa humo humo, pembeni ya kabati.

"Baba, nyumba imeuzwa. Tumepewa siku sitini."

Mzee alitazama dari.

"Nani kasaini?"

"Kaushik. Na Dipankar."

Tapati alitegemea atalalamika, au atauliza wataenda wapi. Mzee akageukia ukutani tu, akajifunika shuka, joto lote lile.

Dipankar Ganguli. Miaka ishirini na minne Tapati hakuwa amelitamka jina hilo kwa sauti. Enzi hizo yeye alikuwa na miaka ishirini na miwili, na Dipankar, kijana wa ghorofani, amemaliza uhandisi. Walipendana kwenye paa la nyumba, kati ya kamba za nguo. Siku anaondoka kwenda Nagpur kwenye kazi ya madaraja ya reli, alimwambia: "Nipe mwaka mmoja, Tapati. Nikipata kazi ya kudumu narudi kumwambia baba. Nikifika nitakuandikia anwani." Barua ya anwani haikuja. Miezi kumi na mitatu baadaye alishuka mama Ganguli, tabasamu usoni, kabeba vitambaa vya hariri vipande kumi na vinne.

"Tapati mwanangu, mkono wako ndio mzuri mtaa mzima. Nishonee blauzi za mkwe wangu. Dipu anaoa huko huko Nagpur. Vipimo hivi hapa."

Akazishona. Zote kumi na nne.

Tangu hapo wachumba wawili watatu walikuja, wakanywa chai, wakaondoka. Mama yake akafariki. Wenzake wakazaa, watoto wao wakaja kushonesha kwake. Akabaki yeye na baba na cherehani.

Siku sitini si nyingi kwa mtu anayetafuta nyumba Kolkata. Dalali wake aliitwa Poltu, kijimtu chenye simu tatu.

Nyumba ya kwanza, Shyambazar, mama mwenye nyumba alifungua mlango bila kutoa mnyororo.

"Mko wangapi?"

"Mimi na baba yangu."

"Mume?"

"Sina."

"Amefariki?"

"Sikuolewa."

Mama akamtazama kuanzia nywele hadi kandambili.

"Ahaa. Vyumba vimeshachukuliwa."

"Lakini kibao cha kupangisha bado kipo mlangoni, mama."

"Tunasahau kukitoa."

Nyumba ya tatu, Dumdum, alikuwa bwana mmoja mwenye shanga za kusalia mkononi.

"Na nani watakuwa wanakutembelea, dada?"

"Wateja. Wanawake. Mimi fundi wa blauzi."

"Leo wanawake, kesho waume zao. Hapana, dada. Hapa tuna mabinti."

Wakati wa kurudi kwa basi, Poltu alikuwa mpole kuliko kawaida yake.

"Dada, usinikasirikie. Kwa nini nisiseme wewe ni mjane? Wajane wanapata nyumba."

"Mjane wa nani, Poltu?"

"Wa mtu yeyote! Si ameshakufa? Nani atamuuliza?"

Tapati alicheka, kicheko kikamshinda, akageuka dirishani ili Poltu asimwone machozi. Jioni hiyo alikaa uani na sahani ya wali na dengu mpaka wali ukapoa. Juu yake ghorofa tupu lilikuwa linavuja, tone baada ya tone. Hakuna mtu aliyemuuliza amekula nini, wala amekwenda wapi. Baba alikuwa macho chumbani, Tapati alimsikia anavyohema, lakini tangu siku ya notisi mzee alikuwa kama kameza kufuli.

Siku ya kumi na tisa alipiga namba ya Kaushik iliyokuwa kwenye notisi.

"Dada Tapati, mimi sina la kukusaidia. Mwenye sauti ni kaka. Na nyinyi si mlishakubaliana?"

"Tulikubaliana na nani?"

"Mimi niko kwenye kikao. Nakutumia namba yake, ongeeni wenyewe."

Ujumbe ukaingia. Tarakimu kumi. Tapati aliitazama siku mbili nzima. Siku ya tatu, saa tano asubuhi, baba yuko kwa kinyozi, alifunga mlango, akapiga.

"Haloo?"

Sauti ilikuwa nzito zaidi, lakini ilikuwa ile ile.

"Ni Dipankar Ganguli?"

"Ndiye. Nani mwenzangu?"

"Tapati. Wa chini. Tapati Sutradhar."

Upande wa pili kulisikika kengele ya treni, kisha mlango unafungwa.

"Tapati," akasema taratibu. "Bado unatumia jina la baba yako?"

"Nitumie la nani?"

"La mumeo. Samahani, nimeuliza vibaya. Hawajambo? Mzee mwenyewe, watoto?"

"Mume gani, Dipankar?"

"Wa Krishnanagar."

"Mimi Krishnanagar nimekwenda mara moja, msiba wa shangazi."

"Tapati, tusifanyiane mzaha. Umri huo umetupita."

"Nani anafanya mzaha? Nimekupigia kuhusu notisi uliyonisainia, wewe unaniulizia mume! Nani alikwambia nimeolewa?"

Alisikia anavuta pumzi.

"Baba yako."

Tapati akashika ukingo wa cherehani.

"Nilikuja," Dipankar akasema. "Mwaka ule ule. Siku mbili kabla ya sikukuu ya Kali Puja. Nilikuwa na likizo ya siku tano, barua ya kazi ya kudumu mfukoni na sari yako mkobani. Nilimkuta mzee ngazini. Akaniambia umechumbiwa Krishnanagar, umekwenda kuonana na wazee wa huko, na kwamba wewe mwenyewe umeomba nisikuandikie tena. Hata juu kwetu sikupanda. Nilirudi stesheni nikapanda treni."

"Siku mbili kabla ya Kali Puja," Tapati akasema. Alikumbuka. Hata hali ya hewa aliikumbuka. "Nilikuwa soko la Hatibagan. Nilikwenda kununua uzi."

"Uzi?"

"Uzi wa cherehani, Dipankar. Nilichukua saa moja na nusu."

Hakuna aliyekata simu.

"Na barua zangu mbili?"

"Sikupata hata moja."

"Mungu wangu. Mimi nilisaini ile karatasi kwa sababu Kaushik aliniambia mzee yuko peke yake, na atahamia kwa binti yake Krishnanagar. Nilisema afadhali, atatunzwa. Tapati, mimi ningejua kama uko humo..."

"Sasa umejua," akasema, akakata, kwa sababu alisikia fimbo ya baba inagonga uani.

Mzee Nibaran aliingia kanyolewa vizuri, ananukia poda. Akakaa kitandani, akachukua bakuli lake la bisi za mchele.

"Baba, Krishnanagar kuna nani?"

Mkono ukasimama nusu ya njia.

"Shangazi yako. Alishakufa."

"Na mume wangu. Nimeambiwa leo kwamba nina mume huko. Miaka ishirini na minne sina habari naye."

Bisi zikamwagika mapajani. Mzee hakuzikusanya.

"Umeongea na Dipu."

"Nimeongea na Dipankar. Sasa nataka kuongea na wewe."

Mzee alisema akitazama magoti yake.

"Mzee Ganguli aliniita juu. Hakunipa hata kiti. Akaniambia, 'Nibaran, nimeyasikia ya paani. Binti wa seremala haingii kwenye nyumba ya tabaka la Brahmin. Chagua kabla ya sikukuu ya Puja: binti yako aachane na mwanangu, au uhame chumba.' Mama yako alikuwa hajainuka kitandani miezi minne. Tulikuwa tunamgeuza kama mbao. Ningempeleka wapi? Kwenye banda la kazini?"

"Ungeniambia."

"Ungeondoka naye."

"Ndiyo! Ningeondoka naye!"

"Na ungekuwa na haki. Ndiyo maana sikukwambia."

Tapati alisimama katikati ya chumba, mikono haijui iende wapi.

"Barua?"

"Nilizitia moto jikoni. Sikuzisoma. Haki ya Mungu, sikuzisoma."

"Na zile blauzi, Baba? Mama Ganguli aliposhuka na vitambaa vyake, ulikuwa umekaa hapo hapo ulipokaa. Uliniona nazishona. Siku tisa. Uliniambia nini?"

Mzee akaanza kuokota bisi mapajani.

"Nilikwambia upumzishe macho."

"Ulinibadilisha na chumba, Baba," Tapati akasema, sauti ikiwa chini kabisa. "Na chumba chenyewe kinabomolewa."

Siku nane hakuzungumza naye. Alimpikia, alimpaka mafuta magotini, alimfulia, alimpelekea dawa na maji. Neno hakumpa. Mzee naye hakuomba. Usiombe yakukute hayo, kukaa na mtu mmoja tu duniani, na huyo mmoja usiweze kumtazama usoni. Wateja walikuja na vitambaa vyao vya sikukuu ya Puja, wanacheka, wanajitazama kwenye kioo. Wakiondoka nyumba inarudi kuwa kama kisima. Alikuwa akishona mpaka mgongo umkatae, kwa sababu cherehani ndiyo pekee iliyokuwa ikitoa sauti humo ndani.

Ujumbe wa Dipankar uliingia siku ya sita:

"Nimepata tiketi. Nafika Jumapili asubuhi. Kama hutaki kuniona niambie, nitarudia hapo hapo stesheni."

Aliandika, akafuta. Akaandika, akafuta. Mwisho akatuma:

"Uchochoroni kuna maji. Vaa kandambili."

Jumapili alikuja, suruali kaikunja, mwavuli mmoja, viatu mkononi. Nywele zilikuwa zimeingia mvi na miwani imeingia ukungu wa mvua. Akasimama uani kama mtu aliyeingia hekalu asilojua mlango wake.

"Umezeeka," Tapati akasema kutoka mlangoni.

"Na wewe umekonda."

"Mimi nilikuwa mwembamba tangu zamani. Umesahau."

"Sijasahau. Nimekosa la kusema tu."

Alimpa taulo. Wakakaa kwenye kibaraza, kila mmoja ncha yake ya benchi, mvua inanyesha mbele yao.

"Mkeo anajua umekuja huku?"

"Tuliachana mwaka wa saba huu. Hakuwa mtu mbaya. Alichoka kukaa na mtu ambaye hayupo." Akafuta miwani. "Binti yetu anasoma Pune. Nilimwambia nakwenda Kolkata kuomba radhi. Akaniuliza, 'Kwa nani?' Nikashindwa nianzie wapi."

"Blauzi za harusi yenu nilishona mimi."

Dipankar aligeuka kwa kasi.

"Nini?"

"Kumi na nne. Ile nyekundu ya bibi harusi niliifumua mara mbili, kwapa lilikuwa dogo kuliko vipimo. Nilitaka zimkae vizuri. Nikifikiri hata leo sielewi kwa nini nilitaka zimkae vizuri."

Mwanamume mzima, mhandisi wa madaraja, aliinamisha uso kwenye taulo la watu, mabega yakaanza kutikisika. Tapati hakumshika. Alimwacha alie mpaka amalize, kwa sababu yeye mwenyewe alishalia zamani, peke yake.

"Nyumba siwezi kuirudisha," Dipankar akasema baadaye. "Kaushik amepokea pesa na ameshazitumia. Nimembembeleza mnunuzi, ameongeza miezi miwili. Karatasi hii hapa, ina saini yake."

"Asante. Hiyo itatusaidia."

"Njooni Nagpur. Wewe na mzee. Nina vyumba vitatu na mtu mmoja."

"Tuje kama nani?"

"Kama mke wangu. Hilo nilitakiwa kulitaja mwanzo."

Moyo ulimruka. Tusidanganyane, ulimruka kama wa msichana. Lakini alitazama mikono yake yenye alama za sindano, akatikisa kichwa.

"Hapana."

"Hapana kabisa, au hapana ya leo?"

"Sikiliza. Miaka hamsini na moja tumeishi kwa ridhaa ya Ganguli. Baba yako aliniweka kwenye mzani na chumba, baba yangu akakubali vipimo. Leo nitoke nyumba ya Ganguli kwa notisi, niingie nyumba ya Ganguli kwa huruma? Halafu kila tukigombana nijiulize, hivi nilimpenda huyu, au nilikosa pa kulala?"

"Mimi sitakuuliza hivyo."

"Nitajiuliza mwenyewe. Acha nipate mlango wangu kwanza, Dipankar. Nikishakuwa na mlango, ndio uje ubishe."

"Nisubiri muda gani?"

"Mimi kuna aliyeniuliza hivyo?"

Dipankar akaitikia kwa kichwa, polepole, kama anayekubali deni lake halali.

Alikaa siku tatu ghorofani, anatoa makabati ya wazazi wake. Siku ya pili, saa za alasiri, Tapati akiwa uani anaanua nguo, alimwona baba yake anatoka chumbani na fimbo. Mzee hakumtazama. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye ngazi, akashika ukuta, akaweka mguu.

Ngazi zilikuwa kumi na nane. Mzee hakuwa amepanda hata moja kwa miaka sita. Ya kwanza. Ya pili. Kwenye ya nne akasimama, anahema, jasho linamtoka. Tapati alibana shuka mkononi, akajiambia hatakwenda. Kwenye ya saba goti likamwacha mzee, akaegemea ukuta. Tapati akatupa shuka, akapanda, akapitisha bega chini ya kwapa lake. Wakapanda zilizobaki pamoja.

Dipankar alitokea juu, vumbi usoni.

"Dipu," mzee akasema, anatweta. "Nilikudanganya. Hakuwa na mchumba. Alikuwa anakungoja wewe. Nilikuwa na mgonjwa ndani na nilikuwa mwoga. Sikuja kuomba unisamehe. Nimekuja kukwambia ukweli kwa mdomo ule ule."

Dipankar alimtazama muda mrefu, uso umekaza. Tapati aliogopa atakachojibu.

"Kaa kwanza, mzee wangu. Umepanda ngazi nyingi."

"Baba yako hakunipa kiti humu."

"Mimi nakupa." Akavuta kiti cha mikono cha mzee Ganguli, akakipangusa kwa shati lake, akamkalisha. "Kusamehe sijui kama naweza leo. Lakini kiti kaa."

Mzee akakaa, akaweka fimbo mapajani, machozi yakashuka kwenye mikunjo ya uso bila sauti. Tapati akamtazama. Aliona mtu mdogo, mkongwe, aliyekuwa amelala na siri hiyo usiku baada ya usiku, hatua nne kutoka kitandani kwake. Wawili wao walikuwa wapweke nyumba moja, na kila mmoja akidhani ni yeye peke yake.

"Baba," akasema. Siku ya nane hiyo. "Chai utakunywa huku au chini?"

"Popote utakaponiletea, mama yangu."

Nyumba ilipatikana Belgharia, mvua zimekwisha, mwezi wa Kartik ukielekea mwisho. Mwenye nyumba alikuwa mama Rakshit, mjane, muuguzi mstaafu mwenye sauti ya wodini. Poltu alianza, "Mama, huyu dada ni mja..."

"Ni mwanamke ambaye hakuolewa," Tapati akamkata. "Nina baba mgonjwa wa magoti, na ninashona. Kama haiwezekani niambie sasa hivi, nimechoka na mabasi."

Mama Rakshit akamkagua.

"Cherehani yako ina kelele?"

"Ya miguu, mama. Kidogo."

"Bora iwe na kelele. Tangu mzee wangu aondoke nasikia mpaka saa ya jirani. Jina la mpangaji nani?"

Mzee Nibaran akakohoa, amezoea. "Niba..." Halafu akanyamaza mwenyewe, akamsukumia binti yake kalamu.

"Tapati Sutradhar," akasema, akasaini.

Siku ya kuhama wifi Minoti alilia kuliko mtu yeyote, akamletea samaki wa kukaanga kwenye bakuli la bati.

"Nani atanipima sasa na huu unene?"

"Treni ya Belgharia kituo cha tano tu, wifi."

"Kituo cha tano! Si bora ungesema Uingereza."

Tapati hakulia. Alifagia vyumba vyote viwili ingawa vilikuwa vya kubomolewa, akafunga mlango, akampa dalali wa mnunuzi ufunguo. Wiki za mwanzo Belgharia zilikuwa ngumu. Aliamka akinyoosha mkono kutafuta swichi upande ambao haipo. Wateja wapya walikuwa wawili. Jioni alikaa dirishani anatazama mtaa usiomjua jina, simu mapajani.

Kila siku, saa moja jioni, iliingia meseji kutoka Nagpur. Hazikuwa na mahaba. "Leo tumemwaga zege." "Mzee magoti yanaendeleaje?" "Nimejaribu kupika dengu, imekuwa uji." Na yeye alijibu: "Umezidisha maji." Siku moja meseji haikuja. Ilipofika saa mbili alikuwa ameshasimama mara sita. Saa mbili na nusu ikaingia: "Samahani, mtandao." Tapati akaketi, mkono kifuani, ndipo alipojua jibu lake.

Hakumwandikia jibu hilo. Aliandika anwani tu, nyumba, mtaa, ghorofa ya pili, na chini yake: "Mlango ni wa kijani."

Alifika Jumamosi ya mwezi wa Poush, saa nne asubuhi, baridi, shali shingoni na boksi la sandesh, vitamu vya maziwa, mkononi. Kabla hajafika kwenye ngazi, mama Rakshit alikuwa ameshamkinga getini.

"Wewe! Unakwenda wapi?"

"Kwa... kwa Tapati Sutradhar, mama."

"Nyumba hii mwanamume hapandi juu kama si ndugu. Wewe nani wake?"

Dipankar akafungua mdomo. Rafiki? Jirani? Mtoto wa mwenye nyumba wa zamani? Alisimama pale na boksi lake, mtu wa miaka arobaini na tisa, hana jina la kujiita. Akainua macho. Dirisha la juu lilikuwa limefunguliwa, na Tapati alikuwa amesimama hapo na futi shingoni.

"Mama Rakshit!" Tapati akaita, sauti ikavuka mtaa, mpaka muuza mboga akageuka. "Huyo ni mchumba wangu!"

"Mchumba?" Mama Rakshit akashika kiuno. "Na harusi lini? Mwezi wa Poush watu hawaoi!"

"Tunangoja mwezi ujao, Magh, mama."

Dipankar alikuwa bado anatazama juu, machozi yanamteremka waziwazi mbele ya watu. Kutoka ndani ilisikika sauti ya mzee Nibaran inauliza nani amekuja, nani huyo, kuna nini.

Mama Rakshit alimtazama mwanamume juu hadi chini, akachungulia ndani ya boksi, akachukua sandesh moja, akasogea pembeni.

"Haya, bwana harusi, pita. Lakini viatu unavua hapa hapa chini. Ngazi nimezipiga deki asubuhi hii."